Mshono wa Mfupa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umbo la Kiungo na Nguvu Zake

Chukua kichwa cha mbuzi kilichobaki baada ya supu. Kichemshe tena mpaka kila kipande cha nyama kiachie, kisugue kwa brashi ya zamani, kianike siku mbili juani. Kisha kigeuze taratibu mkononi. Juu ya fuvu, nyuma kidogo ya pembe, utaona mstari mwembamba unaokwenda upogoupogo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pitisha ukucha juu yake, utausikia unakwaruza. Fuvu halikupasuka hapo. Mifupa miwili ndiyo inakutana na kushikana, na mahali hapo panaitwa mshono.

Nimelibeba fuvu la namna hiyo darasani na barazani kwa miaka kadhaa, na maswali yanayokuja ni yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kirefu pale panapostahili urefu.

Mshono ni nini hasa, na una tofauti gani na kiungo cha goti?

Kiungo cha goti kimeumbwa ili kisogee. Mshono umeumbwa ili usisogee, au usogee kidogo mno. Kingo mbili za mfupa zinakutana, na katikati yake unabaki ufa mwembamba uliojaa tishu laini, hasa nyuzi za kolajeni zilizozama ndani ya mfupa kila upande. Kolajeni ni ile ile inayofanya supu ya kongoro igande ikipoa.

Mishono haipo kwenye mafuvu tu. Gamba la kobe limeundwa kwa vipande vya mfupa vilivyoshonana. Mabawa magumu ya baadhi ya mbawakawa yameungana kwa mshono mgongoni. Hata daiatomu, mwani wa seli moja usioonekana kwa macho, wapo wanaoshikana wao kwa wao kwa meno yanayoingiliana. Viumbe hawa hawana undugu wa karibu hata kidogo, lakini wote wamefikia jibu moja: kingo za kuungana zisiwe nyofu.

Kwa nini fuvu lisiwe mfupa mmoja tangu mwanzo? Si lingekuwa imara zaidi?

Lingeshindwa kukua. Ubongo wa mtoto unaongezeka haraka, na mfupa mpya hujengwa kwenye kingo za mishono. Pia wakati wa kuzaliwa mifupa ya kichwa hupandana kidogo ili mtoto apite, ndiyo maana watoto wengine huzaliwa na kichwa kilichorefuka kisha kikakaa sawa baada ya siku chache.

Lakini kuna sababu ya pili inayogusa nguvu moja kwa moja. Mwaka 1990 mtafiti Carolyn Jaslow alichapisha vipimo alivyofanya kwa mifupa ya fuvu la mbuzi. Alikata vipande vyenye mshono na visivyo na mshono, akavipinda mpaka vikavunjika. Kwa kupinda polepole, vipande vyenye mshono vilikuwa dhaifu kuliko mfupa mtupu, kama ambavyo mtu angetarajia. Lakini alipovipiga kwa ghafla, vile vyenye mshono vilimeza nishati zaidi kabla ya kuvunjika, kuanzia asilimia 16 hadi asilimia 100 zaidi. Na kadiri meno ya mshono yalivyoingiliana zaidi, ndivyo mshono ulivyostahimili kupindwa zaidi.

Aliyewahi kuona mabeberu wawili wakirudi nyuma, wakasimama kwa miguu miwili, kisha wakagonganisha vichwa, anajua kwa nini jambo hilo lina maana kwa mbuzi.

Nguvu, ukakamavu, ushupavu: si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na ubishi mwingi juu ya viungo hutokana na kuyachanganya maneno haya. Ukakamavu ni kukataa kujongea ukisukumwa. Nguvu ni mzigo wa juu kabisa unaobebwa kabla ya kuharibika. Ushupavu ni nishati inayomezwa njiani mpaka kuvunjika kukamilike. Kioo ni kikakamavu, lakini hakina ushupavu: kikianza kupasuka kimekwisha. Katambuga iliyokatwa kwenye tairi haina ukakamavu wowote, unaikunja kwa mkono mmoja, lakini kuichana ni kazi.

Mfupa uko karibu na kioo kuliko tunavyodhani. Tishu ya mshono iko upande wa katambuga. Umbo la mstari wa mshono ndilo linaloamua viwili hivi vichanganyike kwa kiasi gani.

Umbo la mstari linabadilisha nini, kwa lugha nyepesi?

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, urefu. Tuseme mshono ni mnyoofu na una urefu wa sentimita 10. Sasa uchore kwa meno ya pembetatu zenye pande tatu sawa, yaani ncha ya kila jino ina digrii 60. Kila mahali palipokuwa na kitako cha pembetatu sasa pana pande mbili, na kila upande ni sawa na kitako. Mstari umekuwa sentimita 20. Ukichongoa meno mpaka ncha iwe na digrii 29 hivi, mstari unakuwa sentimita 40. Fuvu ni lile lile na upana ni ule ule, lakini eneo la kushikana limekuwa mara nne.

Pili, mwelekeo wa mzigo. Hili ndilo linalosahaulika. Mshono mnyoofu ukivutwa kwa kuuachanisha, mvuto wote unakwenda kufungua ufa. Tishu laini haipendi kufunguliwa hivyo, kwa sababu mwanya mdogo ukianza unakimbia mpaka mwisho, kama gundi inavyobanduka kwenye kiatu. Lakini kingo zikiwa zimelala, mzigo unagawanyika: sehemu inafungua, sehemu inatelezesha. Kwa meno ya digrii 60, sehemu inayofungua inabaki takribani asilimia 25 ya mkazo wa awali (mkazo ni nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo), na inayotelezesha ni asilimia 43. Kwa meno ya digrii 30, inayofungua inashuka hadi karibu asilimia 7 na inayotelezesha asilimia 25. Gundisha karatasi mbili, kisha jaribu kuzitenganisha kwa kuzibandua na baadaye kwa kuzitelezesha sambamba. Mkono wako utakuambia tofauti kabla ya hesabu.

Tatu, njia ya ufa. Kwenye mstari mnyoofu ufa una barabara. Kwenye mstari wa meno inabidi ugeuke kila baada ya hatua, na kila kona inamgharimu nishati anayevunja.

Kwa hiyo meno yaliyochongoka zaidi ndiyo bora?

Hapana. Ningependa msomaji atoke hapa na jibu hili moja kama hana nafasi ya kusoma mengine.

Jino likichongoka, tishu laini inapumzika, lakini jino lenyewe halipumziki. Mzigo wote bado unapita ndani ya mfupa. Ukiendelea kuchongoa, unafika mahali ambapo tishu haitakatika kamwe kabla ya jino. Hapo mshono unavunjika kama kioo, pah, bila onyo, na mfupa uliovunjika hupona kwa tabu kuliko tishu iliyovutika.

Kuna hesabu fupi ya kukadiria mahali pa kusimama. Ikiwa tishu laini inastahimili kutelezeshwa kwa robo ya mkazo ambao jino linastahimili, basi ncha ya digrii 30 ndiyo inayofanya vyote viwili vichoke kwa pamoja, kwa sababu, kama tulivyoona juu, kwa digrii 30 tishu inapata asilimia 25 ya mkazo. Ncha pana kidogo kuliko hapo, tishu inatangulia kuachia. Ncha nyembamba kuliko hapo, jino linatangulia. Tishu ikiwa dhaifu zaidi, sehemu moja ya kumi tu, ncha inayolinganisha inashuka hadi digrii 11 au 12. Kwa hiyo hakuna pembe moja iliyo bora kwa viumbe wote. Pembe inafuata uwiano kati ya kigumu na laini. Kwa maoni yangu mshono mzuri hausimami katikati kabisa. Unaegemea kidogo upande wa kuacha tishu itangulie.

Na umbo la jino? Pembetatu, mraba, au lile lenye kichwa kipana?

Pembetatu ina sifa ya pekee. Shina lake ni pana na linabeba mzigo mkubwa; kadiri unavyokwenda kwenye ncha, mzigo unakuwa umeshahamia jino la jirani kidogo kidogo, na upana nao umepungua kwa kiasi hicho hicho. Matokeo yake mkazo ndani ya jino ni sawa kila mahali. Hakuna sehemu inayobeba wenzake.

Jino la mstatili halina bahati hiyo. Upana wake ni nusu ya nafasi tangu shinani hadi nchani, na ikiwa ncha haijashikizwa kwa tishu au gundi, shina linabeba mzigo wote kwa nusu ya upana. Mkazo hapo ni mara mbili.

Mwaka 2014 Erica Lin, Yaning Li, Christine Ortiz na Mary Boyce walichapisha kazi ambamo walitengeneza mishono ya plastiki kwa printa ya 3D, yenye meno ya pembetatu, mstatili, trapeza, na trapeza iliyogeuzwa, yaani jino lililo jembamba shingoni na pana kichwani. Wakazivuta mpaka zikaachia. Tofauti ya nguvu, ukakamavu na ushupavu kati ya maumbo ilikuwa kubwa, mahali pengine ikikaribia mara kumi, ingawa vifaa vilikuwa vile vile. Pembetatu na trapeza ziliachia kwa utaratibu: tishu bandia ilivutika, ikafanya vishimo, ikabaki kama nyuzi za gundi kati ya meno yaliyo mazima. Mstatili uliteleza tu. Yale yenye kichwa kipana yalikuwa na nguvu sana pale ambapo ncha zake zilishikizwa vizuri, lakini yakiwa na pembe ndogo yalikatika shingoni kwa ghafla.

Jambo la ncha kushikizwa si dogo. Ncha iliyoshikizwa inaongeza ukakamavu, na mshono unapoharibika unaharibika kwa hatua mbili: ncha kwanza, kisha pande. Fundi yeyote angependa kiungo kinachotoa taarifa namna hiyo kabla ya kuanguka.

Hiyo tishu laini si ndiyo udhaifu wenyewe? Kwa nini isijazwe mfupa?

Wazee wetu wa pwani waliwahi kujibu swali hili kwa mbao. Mtepe, chombo chao cha kale cha baharini, haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mbao zilicheza kidogo kwa kidogo, na chombo kikigusa mwamba au kikikokotwa mchangani, mshono ulitoa nafasi badala ya ubao kupasuka. Lugha yetu inatumia neno lile lile, mshono, kwa chombo, kwa nguo na kwa mfupa, na sioni kama imekosea.

Kobe anatuonyesha namna inavyofanya kazi. Mwaka 2009 kikundi cha Stefanie Krauss, pamoja na Peter Fratzl na Ron Shahar, kilieleza vipimo vya gamba la kobe wa maji wa Marekani mwenye alama nyekundu pembeni mwa macho. Mbavu zake zimeshonana kwa meno marefu ya mfupa, na kati ya meno kuna tishu isiyo na madini. Ukilisukuma gamba kwa nguvu ndogo, tishu inabonyea na gamba linalegea kidogo. Ukizidisha, ule mwanya unakwisha, meno yanagusana, na ghafla gamba linakuwa gumu kama mfupa mmoja. Laini kwa mzigo mdogo, gumu kwa mzigo mkubwa: mnyama anapata nafasi ya kujongea katika maisha ya kila siku, na anapata ngao anapoumwa na adui au kukanyagwa. Ukijaza ufa ule kwa mfupa, unapoteza nusu ya kwanza.

Nyuzi za kolajeni nazo hazikupangwa ovyo. Katika mishono yenye meno marefu, nyuzi nyingi hupita kwa mshazari kutoka upande wa jino moja hadi jirani yake, hivyo hata mifupa inaposukumwa ikaribiane, baadhi ya nyuzi zinavutika. Uzi una nguvu ukivutwa tu, na mpangilio huu unaufanya usaidie hata pale mzigo unapokuwa wa kubana.

Je, mtoto huzaliwa na meno hayo kwenye mishono?

La. Mtoto mchanga ana kingo karibu nyofu na ufa mpana. Meno huja baadaye, na yanakuja kwa kutumika. Tafiti za Susan Herring na wenzake juu ya nguruwe zilipima jinsi mifupa ya kichwa inavyobanwa na kuvutwa mnyama anapotafuna. Kwa jumla, mishono inayobanwa huwa na meno yanayoingiliana sana, na ile inayovutwa hubaki na kingo rahisi zaidi.

Fuvu la binadamu lina mifano yote miwili. Ule mshono wa nyuma unaofanana na herufi V iliyopinduliwa una meno yaliyojikunja mpaka mtu anadhani amechorewa ramani. Lakini juu ya sikio, mfupa mmoja umepandia mwingine kama vigae vya paa, bila meno makubwa. Kichwa ni kimoja, damu ni moja, umri ni mmoja. Kinachotofautiana ni mzigo.

Utosi wa mwanangu unapigapiga. Ni hatari?

Kupigapiga kwa kufuata mapigo ya moyo ni kawaida. Utosi ni mahali mishono kadhaa inapokutana na mfupa haujafika bado. Ule mdogo wa nyuma hufunga kwa kawaida ndani ya miezi 2 hadi 3, na mkubwa wa mbele mara nyingi kati ya miezi 12 na 18. Utosi uliobonyea kwa mtoto anayeharisha au kutapika ni dalili ya kupungukiwa maji, na uliovimba na kukaza kwa mtoto mwenye homa ni dalili nzito pia. Kwa yote mawili, mpeleke kituo cha afya leo hii. Usipake kitu wala kusubiri.

Kuna pia hali ya mshono kufunga mapema mno, inayompata takribani mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 2,500. Kichwa hukua kwa umbo lisilo la kawaida kwa sababu upande mmoja umekataa kukua. Hutibika, mara nyingi kwa upasuaji, na kuwahi kunasaidia sana.

Nimeona picha za meno yenye meno madogo juu yake. Yana faida gani?

Ni kuzidisha juu ya kuzidisha. Meno ya kwanza yakirefusha mstari mara mbili, na juu ya kila upande ukachora meno madogo yanayorefusha mara mbili tena, umefika mara nne bila kuchongoa chochote kupita kiasi. Ngazi ya tatu, mara nane. Umbo la namna hiyo linalojirudia ndani yake lenyewe huitwa fraktali.

Li, Ortiz na Boyce walilifanyia hesabu mwaka 2012 na kuonyesha kwamba idadi ya ngazi inaweza kubadilisha sifa za mshono kwa kiwango kikubwa mno, uzito ukibaki ule ule. Walionyesha pia jambo linalonivutia kuliko ukubwa wa namba: mshono wa ngazi nyingi unavumilia kasoro. Tishu ikichanika sehemu moja, meno madogo bado yanakwamana na kuzuia jino kubwa lisikatike.

Konokono wale wa kale wa baharini, amonaiti, walikuwa na mishono ya ajabu. Ndiyo iliyowapa nguvu?

Tuwe waangalifu. Mstari wa amonaiti ni mahali ukuta wa ndani wa chumba ulipogusana na ganda la nje. Si vipande viwili vilivyoshonwa kwa tishu laini kama fuvu. Na amonaiti hakuwa konokono, alikuwa ndugu wa pweza na ngisi. Mistari yake ilijikunja kama ukingo wa jani lenye meno mengi, wakati ndugu yake wa leo, nautilasi, ana mistari ya mawimbi mepesi tu. Visukuku vyake vipo hata kwetu, katika mawe ya Jurasiki karibu na Mombasa na kwenye tabaka za bahari za Tendaguru mkoani Lindi.

Mwanajiolojia William Buckland alisema tangu karne ya 19 kwamba mikunjo ile ilisaidia ganda kuhimili uzito wa maji. Ilionekana sawa kwa muda mrefu. Mwaka 1997 Thomas Daniel na wenzake walifanya hesabu kwa kompyuta na kupata kinyume: mikunjo mingi iliongeza mkazo na kupunguza kina ambacho mnyama angekifikia. Wengine wametafuta maelezo kwenye namna ya kudhibiti maji ndani ya vyumba. Mimi nauchukulia mfano huu kama onyo kwa sisi tunaopenda meno: si kila mkunjo uliwekwa kwa ajili ya nguvu.

Ni mnyama gani mwenye mshono wa kutisha kuliko wote?

Kwa niliowasoma, ni mbawakawa wa kusini-magharibi mwa Marekani anayeitwa Phloeodes diabolicus. Haruki, mabawa yake ya juu yamefungamana kabisa. Mwaka 2020 kikundi kilichoongozwa na David Kisailus kilichapisha vipimo vyake: anahimili kubanwa kwa nguvu ya hadi nyutoni 149, karibu uzito wa ndoo yenye lita 15 za maji, na hiyo ni kama mara 39,000 ya uzito wa mwili wake. Gari linaweza kumpanda akaendelea na safari.

Mshono wa mgongoni mwake haufanani na msumeno. Ni vile vipande vya picha za kupanga za watoto: kichwa cha duara-dufu, shingo nyembamba, kimeingia kwenye tundu lake. Msomaji aliyefika hapa ataniuliza mara moja: si ulisema hayo yenye shingo nyembamba hukatika ghafla? Ndiyo, na hapo ndipo penye siri. Kila kichwa kimejengwa kwa tabaka nyingi nyembamba, moja juu ya nyingine. Mzigo ukizidi, tabaka zinaachana kidogo kidogo ndani ya kichwa kabla shingo haijakatika, na nishati inaishia huko. Umbo limefunga, na matabaka yamelipa gharama. Watafiti waliiga mshono huo kuunganisha metali na plastiki yenye nyuzi za kaboni, kazi inayosumbua sana watengenezaji wa ndege.

Kuna kiumbe aliyeacha mishono kabisa na akafanikiwa?

Yupo aliyekwenda njia nyingine, na ni wetu. Kobe bapa wa miambani, Malacochersus tornieri, anaishi kwenye miamba ya Kenya na Tanzania, na wachache Zambia. Mifupa ya gamba lake ina matundu makubwa, kwa hiyo gamba ni jembamba na linabonyea ukiligusa. Akitishwa haingizi kichwa na kutulia; anakimbia na kujipenyeza kwenye ufa wa mwamba, kisha anajikaza humo asitoke. Ngao yake ni mwamba. Tangu mwaka 2019 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa sababu watu walikuwa wanamkusanya kwa ajili ya kufuga. Mwache alipo. Na kwa anayetaka kujifunza mishono, gamba la kasa wa baharini pia si la kuokota wala kununua; analindwa na sheria Kenya na Tanzania. Kichwa cha mbuzi kinatosha.

Fundi wa mbao au wa ujenzi anafaidikaje?

Mbao fupi zinazounganishwa kwa vidole vilivyochongoka na gundi zinatumia kanuni ile ile ya kurefusha mstari na kugeuza mvuto kuwa mtelezo. Ukiunga mbao kichwa kwa kichwa kwa mkato mnyoofu, gundi inabanduka. Ukichonga vidole virefu, ubao unaweza kukatika pembeni kabla ya kiungo.

Tofali za kufungamana nazo ni binamu wa jambo hili: umbo linazuia tofali lisitoke kwenye mstari, na saruji nyingi inaokolewa. Ila tofali hizo zinafanya vizuri zikibanwa, si zikivutwa. Usizitegemee mahali panapovutwa bila nondo.

Naweza kujaribu mwenyewe nyumbani au shuleni?

Unaweza, na fanya. Tafuta plaiwudi nyembamba, ukate vipande sita vya upana wa sentimita 6. Jozi ya kwanza iwe na kingo nyofu. Ya pili ikatwe meno ya digrii 60, ya tatu meno ya digrii 30. Acha mwanya ule ule kwa jozi zote, milimita 2 hivi; tumia njiti za kiberiti kupimia. Ukikosea hapa matokeo hayana maana, kwa sababu utakuwa unalinganisha unene wa gundi badala ya umbo. Jaza mwanya kwa silikoni ya kuzibia vioo, laza juu ya nailoni, subiri siku mbili ikauke hadi ndani.

Toboa tundu juu na chini. Ning'iniza kwenye boriti, funga ndoo chini yake, na umimine maji kwa kikombe ulichopima. Lita moja ni kilo moja. Weka godoro kuukuu au gunia la maranda chini ya ndoo, na watoto wasimame mbali. Andika lita ambazo mwanya ulianza kufunguka, na lita ambazo kipande kiliachia. Hizo ni namba mbili tofauti na zote zina maana. Fanya kila jozi mara tatu kwa uchache, kwa maana silikoni hujazwa kwa mkono na mkono haulingani.

Kabla hujatupa vipande, vitazame kingo kwa karibu. Silikoni imebanduka safi kwenye mbao, au imechanika katikati na kubaki pande zote mbili? Kuna jino lolote la plaiwudi lililopasuka shinani? Ikiwa ilibanduka safi, gundi haikushika vizuri: paruza kingo kwa msasa, futa vumbi, ujaribu tena kabla ya kulilaumu umbo.